Nyumba mpya Gungu, nyufa kila mvua: kupaka rangi siyo kurekebisha!

Wakuu heshima yenu. Nimechoka na leo naweka wazi.

Mimi na mke wangu tumenunua nyumba mpya hapa Kigoma, maeneo ya Gungu. Jamaa aliijenga ya kuuza. Kabla ya kusaini tuliikagua na fundi, mapungufu yote yakaandikwa, muuzaji akatia sahihi. Mkataba una kipindi cha matazamio cha miezi 6, yaani muda ambao kasoro zikijitokeza anazirekebisha yeye, na sehemu ya malipo tumeizuia mpaka amalize. Na bado anatuchezea!

Mvua za Novemba zilipochanganya, ufa ukatoka kona ya dirisha la sebuleni, ukapanda mshazari mpaka karibu na dari. Ufa huo siyo wa lipu. Lipu ikikauka haraka bila kumwagiliwa hutoa vijiufa vyembamba kama utando wa buibui, na hivyo sina ugomvi navyo, unaskimu, yaani unapaka tabaka jembamba laini juu ya lipu, vinaisha. Wa mshazari unatoka kwenye tofali. Ama linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, imeishia ukingoni mwa dirisha bila kulalia ukuta vya kutosha, ama msingi umetitia upande mmoja. Na mji wetu ni wa vilima: kiwanja kinachongwa upande wa juu, udongo unajazwa upande wa chini. Mjenzi asiposhindilia tabaka kwa tabaka, nyumba inakaa juu ya kifusi.

Sasa muuzaji anafanya nini? Anamtuma kijana na ndoo ya skimu. Kijana anaziba, anapaka rangi, anapiga picha, kisha mwenyewe ananiandikia WhatsApp: "Bosi kazi imeisha, nimalizie hela yangu." Mvua inayofuata ufa uko palepale, tena mpana zaidi! Bafuni maji yanasimama mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Dawa ni kung'oa marumaru na kutengeneza upya mteremko wa sakafu. Yeye kapaka saruji nyeupe kwenye viungo, kaondoka.

Juzi nimembana, kanijibu eti nikishapokea funguo nyumba ni yangu na matatizo yake. Tangu lini funguo zikafuta mkataba?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba aliyeharibu ndiye anayejikagua na kujipa cheti. Kwenye majengo ya serikali anakuwepo mhandisi wa kusimamia, na matazamio yasipoisha salama mkandarasi hapewi fedha iliyozuiwa. Sisi wa mfukoni tuamini picha ya simu?

Simalizii hata shilingi. Achimbe pembeni ya msingi tuuone, abandue lipu pale kwenye linta, halafu mhandisi aliyesajiliwa, wa kumchagua mimi, aandike ripoti. Akikataa, notisi ya wakili inamfuata kabla miezi 6 haijakatika, maana naona anachelewesha makusudi ili muda uishe.

Mwenye kumjua mhandisi wa majengo aliyepo Kigoma mjini, asiye na undugu wala biashara na hawa wajengaji, anielekeze. Gharama yake nalipa mimi.