Presha isiyoshuka hata kwa dawa tatu: tupeane uzoefu

Nyar Kibuye: Leo kliniki mama mmoja kapimwa, mashine ikasoma 192/114. Nesi akamwuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, dawa unameza kweli?" Mama akatoa kwenye kiondo maganda matupu ya vidonge, akayapanga mezani moja moja. Machozi yalinitoka. Mimi nina mwezi wa nane na amlodipini, losatani na ile ya kupunguza maji, na sijashuka chini ya 160. Nani amepitia haya?

Baba Wawili, Njoro: Pole dada. Mamangu alikuwa hivyo, kumbe kila jioni anameza diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, kutoka duka la dawa. Hakuitaja kwa daktari kwa sababu "hiyo si ya presha". Zile dawa hushikilia chumvi na maji mwilini. Alipoziacha, presha ikaanza kusikia dawa.

Mkulima wa Bahati: Kitunguu saumu asubuhi, tupa hizo kemikali.

Nesi wa Zamu: Tafadhali! Shemeji yangu alitupa, leo analishwa kwa kijiko.

Mkulima wa Bahati: Sikusema aache ghafla.

Baba Wawili, Njoro: Umesema "tupa". Tunasoma.

Mama Tuktuk: Nimesoma hii nikazima jiko kwanza. Nilikuwa na miaka 36, dawa nne, 178/105. Kila mtu anasema ni mawazo, ni unene. Siku hiyo nimetoka Kibuye na omena zangu, tuktuk ikafika Manyatta, dereva akasema "mathe, tumefika". Nataka kushuka, mguu haunyanyuki. Hauumi, hauna ganzi. Naushika, naona ni wangu, lakini hautii. Nikaubeba kwa mikono miwili kama gogo, wa pili nao ukagoma. Mtoto wangu wa miaka saba ananivuta leso akilia "mama shuka, mama shuka". Nikajua ni kiharusi, nimekwisha.

Hospitalini damu ikaonyesha potasiamu, madini yanayoendesha misuli, iko 2.3, na inatakiwa isipungue 3.5. Daktari mmoja kijana ndiye wa kwanza kuuliza inaenda wapi. Kumbe juu ya figo kuna tezi inayotoa homoni ya kushika chumvi na kumwaga potasiamu, na yangu ya kushoto ilikuwa na kivimbe. Ile dawa ya maji ikazidi kuimwaga. Akanianzishia spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni hiyo, presha ikashuka mara ya kwanza, baadaye nikapasuliwa. Sasa nameza kidonge kimoja, 128/80. Miaka minne niliitwa mkaidi wa dawa.

Mvuvi wa Dunga: Mungu wangu. Hiyo ya leso imenimaliza.

Wa Section 58: Potasiamu si ni ndizi tu? Kula mkungu mzima!

Nesi wa Zamu: Hapana! Anayetumia losatani au spironolaktoni, hasa figo zikiwa dhaifu, potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Pima kwanza. Ni damu ileile ya kupima figo.

Mwalimu Kakamega: Na mkanda wa mashine. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba inapanda bure. Na mwenye presha, wewe au mume wako, akikoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, hilo nalo lisemwe kwa daktari.

Mvuvi wa Dunga: Wangu anakoroma mpaka samaki wanahama ziwa.

Nyar Kibuye: Mama Tuktuk, miguu yangu hukaza usiku na nilidhani ni kusimama sokoni. Ile karatasi ya damu ya figo ninayo hapa, imeandikwa K, yaani potasiamu, 2.9, na hakuna aliyeniambia kitu. Naenda asubuhi.

Mama Tuktuk: Usingoje asubuhi. Nenda sasa, na uibebe hiyo karatasi mkononi.