Kazi za likizo zinatumwa WhatsApp na zaidi ya nusu ya darasa hawazipati: naomba ushauri

Mwalimu wa Kata
Ndugu zangu, ninafundisha hisabati kidato cha pili katika shule ya kata iliyo mbali na barabara ya lami. Likizo iliyopita karatasi za kudurufu zilikuwa zimekwisha, hivyo walimu tulikubaliana kutuma kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Shule ilipofunguliwa, wanafunzi 19 kati ya 46 walikuwa wameimaliza, na waliobaki, ambao kwao kuna simu ya kitochi au hakuna simu kabisa, waliandikiwa sifuri. Binti mmoja anayeongoza darasa kila muhula alinionyesha daftari lake: alikuwa amenakili maswali 3 tu kutoka kwenye simu ya jirani kabla bando halijaisha. Tangu siku hiyo sijatulia. Je, nilifunge kundi, ingawa linawafaa wale 19, au ipo njia ya kuwafikia wote?

Mama Watatu
Mwalimu, kwanza futa sifuri hizo. Hata kwangu mjini simu janja ni moja, nami huondoka nayo alfajiri na kurudi usiku watoto wamelala. Jina la mzazi kuwamo kwenye kundi hakumaanishi kwamba mtoto ana simu.

Fundi Tehama
Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Kama mnavyo, pakueni vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) mkiwa penye mtandao, mvitumie darasani bila bando. Iko pia Kolibri, programu ya bure ambayo kompyuta moja ikishapakiwa masomo huvihudumia vifaa vya jirani bila intaneti. Jambo ninalolisisitiza ni zamu zilizoandikwa kwa majina, kwa sababu pasipo na zamu aliyezoea kompyuta nyumbani ndiye hushika kipanya, na asiyewahi kukigusa humaliza mwaka akichungulia nyuma ya bega la mwenzake.

Mwalimu wa Kitui
Zamu ni muhimu, lakini mwalimu mwenzangu, uliza pia ufunguo utakaa kwa nani. Huku Kenya, mpango wa serikali wa mwaka 2016 ulileta vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma. Nilikokuwa nikifundisha vilikaa kabatini muda mrefu, kwa kuwa aliyekabidhiwa aliogopa kulipishwa kimoja kikipotea. Kubalianeni kwa maandishi kwamba hasara itabebwa na shule, wala si na mtu mmoja.

Mwalimu wa Kata
Nawashukuru sana. Mama Watatu, sifuri nimezifuta leo. Likizo ya Juni nitaandika maswali ubaoni siku mbili kabla ya kufunga shule ili wote wayanakili, na kundi litabaki la kuwakumbusha wazazi tu. Ndugu Fundi, kompyuta yetu ni ya zamani na umeme wa sola hutosha kwa saa chache kwa siku. Je, itaibeba Kolibri?