Mkurugenzi anataka picha za watoto wa PP1 (chekechea) kila siku, nifanyeje?

Mwalimu_Kondele: Habari zenu walimu, nafunza PP1 shule ya kibinafsi hapa Kisumu. Mkurugenzi anataka kila siku nipige watoto picha wakinywa uji, wakicheza, niweke Facebook ya shule ati ndio tupate wanafunzi zaidi. Juzi mtoto mmoja alitokea kwa picha kaptura imeloa, nikakataa kuiposti nikaambiwa naringa. Wazazi hawajaulizwa kitu. Nikikataa naeza futwa, nikikubali roho inanisuta.

Nyar_Ahero: Pole dada. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ama mlezi kwa habari za mtoto, na picha iko ndani. 2023 kuna shule Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 juu ya kuposti watoto bila hiyo idhini. Muonyeshe hiyo figa, mabosi husikia pesa haraka kuliko maadili 😂

Baba_Twins_Nax: Mimi ni mzazi tu. Wekeni fomu wakati wa kusajili, mzazi aseme ndio ama hapana, na wa hapana mtoto wake asiachwe nje ya michezo. Alafu si lazima sura, mikono ikifinyanga udongo inatosha tangazo.

Mwalimu_Kondele: Asanteni sana. Na zile picha tayari ziko huko Facebook?

Nyar_Ahero: Zitolewe kwanza, idhini itafutwe baadaye. Hiyo ya kaptura futa hata kwa simu yako.