Kulazimishwa kumaliza chakula utotoni: je, mnafanyaje mkishakuwa wazazi?

MamaTunu_Moro:

Wanajukwaa, salaamu. Naomba nilete jambo lililonikaa rohoni kwa muda mrefu, nikiamini kwamba humu wamo waliolelewa kama nilivyolelewa mimi.

Nyumbani kwetu Morogoro hakuna mtoto aliyeinuka akiwa na chakula kwenye sahani. Mama alipakua mwenyewe, na alichokupakulia ndicho kilichokuwa kipimo chako, uwe umeshiba au hujashiba. Nyama haikuliwa mwanzo. Ilisukumwa pembeni ikangoja ugali uishe, na aliyeitangulia alihesabiwa kuwa mroho. Maji yalinywewa baada ya kula, na kuongea wakati wa kula kulikuwa kukosa adabu. Simlaumu mama. Alianza kulea mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika, watu wakapanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sukari na sabuni, na unga uliopatikana ukawa ule wa njano walioubandika jina la unga wa Yanga. Aliyepita huko hawezi kuona tonge likitupwa akanyamaza.

Leo nina miaka 41 na sikumbuki lini nilibakiza chakula. Iwe harusini, kazini au mgahawani, hata kama chakula hakina ladha, mkono wangu haupumziki mpaka niione sahani chini. Mwaka jana niliambiwa kwamba sukari yangu imeanza kupanda, na daktari akaniuliza huwa najuaje kwamba nimeshiba. Nilikosa jibu, kwa sababu kusema kweli huwa naangalia sahani.

Kilichonisukuma kuandika kilitokea wiki iliyopita. Binti yangu wa miaka 5 alikula nusu ya ugali na mchicha, akasema ameshiba, nami nikamwambia hatoki hapo mpaka amalize. Niliporudi baada ya nusu saa nilimkuta amesinzia kitini, shavu moja limetuna. Tonge alilolificha lilikuwa bado mdomoni, limepoa. Nikalitoa kwa kidole, nikambeba nikamlaza, kisha nikarudi nikaketi pale pale alipokuwa ameketi, nikakomba sahani yake. Sikuwa na njaa hata chembe. Nilipoinuka ndipo nilipoogopa.

Je, inawezekana mtu mzima kujifunza upya kushiba? Na huyu mtoto nimlee vipi asiwe kama mimi, lakini pia asiwe mtoto wa kudharau chakula?

AfisaLishe_Nyanda:

Pole sana Mama Tunu, na ahsante kwa kulisema waziwazi. Nimefanya kazi ya lishe kwa miaka mingi, na swali la daktari wako ningependa liulizwe katika kila kliniki.

Mtoto mchanga huja duniani akijua kiasi chake. Akishiba huachia titi na kugeuza uso, na hakuna anayemwita mkaidi. Baadaye sisi ndio tunaomfundisha kutafuta shibe nje ya mwili wake. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Leann Birch alitumia miongo kadhaa kuchunguza jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, yeye na wenzake waliwaelekeza baadhi ya watoto wadogo wasikilize njaa na shibe ya tumbo lao, na wengine wakaelekezwa kutazama sahani na kupewa zawadi kwa kula. Wale wa kwanza, wakitangulizwa kitu kizito, yaani chenye nguvu nyingi mwilini, walipunguza wenyewe mlo uliofuata. Wale wa pili hawakuonyesha kutofautisha kitangulizi kizito na chepesi. Utafiti mwingine aliohusika nao, wa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto waliohimizwa wamalize supu waliinywa kidogo kuliko walipoachwa wenyewe, na waliisema vibaya zaidi. Ukitazama hivyo, mchicha unaolazimishwa leo unaweza kuwa mchicha utakaokataliwa miaka ishirini ijayo.

Kuhusu ile nyama ya mwisho, nayo ina somo lake. Chakula kinachotunzwa kama tuzo hupandishwa cheo machoni pa mtoto, na kile kinachomezwa ili kuifikia tuzo hushushwa. Naona hata katika vikao vyetu kwamba mtu mzima huona haya kula mboga nyingi, kana kwamba ni kukiri umaskini.

Sisemi kwamba sukari yako imeletwa na mama yako. Kuna urithi wa damu, kuna kazi za kukaa kutwa, kuna soda na vitu vya kukaangwa kila kona ya mji. Lakini kwa mtu mzima nashauri jambo moja la kuanzia: pakua kidogo, kula taratibu, kisha subiri, kwa maana taarifa ya shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua takriban dakika 20 kukufikia vizuri. Ukiona bado una njaa, ongeza bila kujilaumu. Kwa mtoto, nafuata mgawanyo wa mtaalamu wa lishe Ellyn Satter: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto huamua ale au asile, na kiasi gani. Hapo adabu haijaguswa hata kidogo, kwa sababu mtoto hachagui menyu.

Mzee_wa_Pangani:

Mwanangu, mimi ni mtu wa pwani na nimekula katika sinia tangu nikiwa na akili. Tulikuwa na masharti mengi kukushinda: kunawa, kutaja jina la Mungu, mkono wa kulia, kula mbele yako na si mbele ya mwenzio, kutogusa kitoweo kilicho katikati mpaka mkubwa akigawe. Lakini sharti la kumaliza fungu lako halikuwapo, kwa sababu katika sinia hakuna fungu lako. Mtoto aliyeshiba alishukuru, akainuka, akaenda kunawa, na wenziwe wakaendelea. Kilichobaki kilifunikwa kikawa kiporo cha kula na chai asubuhi.

Kwa hiyo nadhani amri iliyokuumiza imekuja pamoja na sahani ya mtu mmoja mmoja. Ni kweli dini yetu imetufundisha tusafishe chombo, lakini imetufundisha pia kwamba tumbo lina theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Anayepaswa kumaliza ni yule aliyejipakulia mwenyewe. Aliyepakuliwa na mwingine anadaiwa deni asilolikopa.

Mwalimu_Bweni:

Naongeza dogo tu. Sisi wa shule za bweni tulifundishwa na kengele. Ugali na maharage viliisha kwa dakika tano, kwani aliyechelewa alikosa nyongeza. Hadi leo namaliza wakati mke wangu bado anapoza tonge la kwanza, na hizo dakika 20 alizozitaja afisa lishe sijawahi kuzifikia.

Binti_wa_Bungoma:

Shikamoo Mzee wa Pangani. Naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu hata chakula cha pamoja kilikuwa na vyeo. Kitoweo kinachogawiwa na mkubwa hakigawiwi sawa. Kwetu, kuku akichinjwa, imondo, yaani firigisi, ilikuwa ya babu au ya mgeni wa kiume wa heshima. Nyanya yangu alizeeka bila kuonja kuku wala yai, kwa sababu kwa kizazi chake vilikuwa mwiko kwa mwanamke. Sisi wajukuu tuliruhusiwa nyama ya kuku, lakini mayai tuliambiwa tuyaache: mara yatatufanya wezi, mara tutazaa watoto wasio na nywele. Si ajabu kwamba katika Kiswahili mwiko ni neno moja kwa katazo na kwa kile kinachopakulia.

Mama Tunu anasema juu ya kiasi, nami nataka kusema juu ya kustahili. Naishi Nairobi peke yangu, nina mshahara wangu, na kila mwezi nanunua trei nzima ya mayai. Nayala jikoni, nimesimama, mlango wa nyuma nimeufunga. Nilikuwa sijaligundua hili mpaka rafiki aliponitembelea akaniuliza namficha nani. Nikipika kuku, firigisi naisogeza kwenye sahani ya mgeni wa kiume kabla sijafikiri. Hakuna aliyenikataza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkono unajikataza wenyewe.

Mzee_wa_Pangani:

Marahaba, mwanangu. Umenena kweli, wala sina la kujitetea. Mama zetu walikula baada yetu, uani, na sikuwahi kuuliza kilichowafikia kilikuwa kipi.

MamaTunu_Moro:

Nawashukuru nyote. Nimeyasoma maneno ya Mzee kuhusu deni nikayarudia mara kadhaa, na ya dada wa Bungoma yamenifanya nikumbuke kwamba mama alijipakulia wa mwisho, kutoka kwenye ukoko.

Tangu juzi nimeacha kumpakulia Tunu. Chakula nakiweka kwenye bakuli katikati ya meza, naye anajichotea kwa kijiko chake. Siku ya kwanza alichota vijiko viwili vya wali na maharage machache, akanitazama kama anayengoja kugombezwa, kisha akala vyote akaomba aongeze. Jana aliacha tonge moja akasema, "Mama, hili tumbo limesema basi." Nililitazama lile tonge kwa muda mrefu. Nikalifunika kwa kisahani nikaliweka kabatini, na usiku niliamka mara mbili nikilifikiria, lakini sikulila.

Kwa upande wangu bado ni vigumu. Leo mchana kazini nimeweka kijiko chini sahani ikiwa na wali wa kama matonge matatu, nikakaa nikisubiri. Zilipotimia dakika kumi hivi nikahisi uzito ambao siukumbuki tangu utotoni, si wa kuvimbiwa, ni wa kutosheka tu. Naomba kumuuliza afisa lishe kama ndio wenyewe.