Mzazi akikataa binti kuchomwa chanjo ya HPV, tumsikilize au tumpuuze? Tujadili

Mama Binti: Wakuu naomba tuongee hili kwa utulivu, maana grupu la wazazi wa darasa la binti yangu limewaka moto. Mwalimu katuma ujumbe kwamba manesi wanakuja kuchanja wasichana wa miaka 9 mpaka 14, basi hapo hapo huyu anasema inafunga kizazi, yule anasema mpango wa kupunguza watu, mwingine mtoto wa miaka 10 unamchanja ugonjwa wa zinaa wa nini, si unamfundisha uhuni.

Wangu atachanjwa. HPV ni kirusi cha njia ya ngono kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na hiyo inaua kina mama wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, makadirio ya 2020 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Mtaani kwetu kulikuwa na mama alikuwa akivaa kanga tatu tatu kwa ajili ya damu, kwenye daladala kiti kipo wazi yeye kasimama tu, na watu wanasema karogwa. Kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, ndo hivyo, alishachelewa.

Na suala la umri, hii chanjo haitibu kirusi kilichokwishaingia, inazuia kabla, ndo maana anapewa akiwa mdogo. Hata binti akitulia mpaka ndoa, mume naye ana alikotoka.

Ila wanaokataa siwaiti wajinga. 2018 tuliambiwa ni miaka 14 na dozi mbili, 2024 ikawa dozi moja kuanzia miaka 9, nani alikuja kutueleza kwa nini? Ujumbe wa mistari miwili sio maelezo.

Baba Tandika: Dada umejibu mwenyewe. Jana mbili leo moja, hayo si majaribio? Mi sikatai hospitali, kadi za kliniki za wanangu zimejaa, surua, polio, zote wamechanjwa. Lakini zile mama yao alikuwepo, nesi anamwelekeza. Hii wanamfuata mtoto darasani mimi niko kazini. Na kwa nini wasichana tu?

Nesi wa Wilayani: Kaka hoja zako za msingi. Majaribio yalifanyika kabla, na mengine hapa hapa nchini, Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, kinga ya waliopata dozi moja ikakutwa bado ipo baada ya miaka miwili. Kenya nao walipima kwa wasichana wa miaka 15 mpaka 20, dozi moja ikazuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hiki kwa zaidi ya asilimia 97. Ndo WHO, Shirika la Afya Duniani, wakaikubali dozi moja 2022.

Wavulana wanakibeba kirusi na wanaambukiza, England wanawachanja tangu 2019, ila chanjo ilikuwa haitoshi dunia nzima ikabidi aanze mwenye huo mlango wa kizazi. Kuhusu uzazi, ndani ya chanjo hamna kirusi hai, ni protini ya ganda lake tu, haigusi kizazi. Mkono unauma, homa kidogo inaweza kuja. Kuna wanaozimia kwa kuogopa sindano, ndo maana tunawakalisha dakika 15, maana akidondoka mmoja uvumi unafika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe.

Baba Tandika: Haya ungekuja kuyasema kwenye kikao cha wazazi nisingebisha hivi. Bado sijakubali, ila niiteni nitakuja.

Mama Binti: Hapo ndo ninapopataka mimi. Naenda kumuomba mwalimu mkuu kikao kiwe Jumamosi, kina baba wawepo, na nesi aje na hicho kichupa wakione kwa macho, mwenye kukataa akatae akiwa ameshasikia. Wenye shule zilizoita wazazi kabla ya kuchanja hebu tuambieni, kina baba walikuja? Na swali gani liliwapa manesi kazi?