Makabati ya jikoni ya kununua tayari kwa jiko dogo Dodoma: vipimo na ubao upi?

Mkazi wa Kisasa
Habari za saa hizi wadau. Kuna jiko dogo huku Kisasa, Dodoma, linafanyiwa ukarabati, makabati ya zamani yameshang'olewa. Nataka umbo la L. Ukuta wa dirishani, ambako sinki litakaa, ni sm 236 chini na sm 238 usawa wa dirisha. Ukuta wa pili, kutoka kona hadi fremu ya mlango, ni sm 170. Vigae vya sakafu vipo tayari, kuta ni tofali za kuchoma zilizopigwa plasta. Bajeti haifiki milioni 2, kaunta ikiwa pembeni. Madukani kuna makabati ya kwenye boksi, unajifungia mwenyewe, upana wa 40, 60, 80 na 100. Fundi anashauri aluminiamu. Vipande gani vinaingia bila kukata, na ubao upi utahimili maji na mchwa wa huku?

Futikamba
Tumia 236, sahau 238. Kabati linafuata kipimo kidogo.

Ukuta wa dirishani: kabati la kona la 100, halafu 60 na 60. Hilo la kona lisibanwe ukutani, lisogeze sm 5. Sababu ni hii: kabati la ukuta wa pili lina kina cha sm 56, ongeza mlango unafika 58, ongeza kishikio unafika 61 au 62. Mlango wa kabati la kona unaanzia sm 60 ya kabati lenyewe. Ukilibana kabisa, mlango utagonga kishikio cha jirani kila siku. Ukilisogeza, mlango unaanzia 65 na unafunguka vizuri. Hapo umetumia 225, zimebaki 11. Usizizibe, acha mwanya wa kusimamisha masinia na ubao wa kukatia.

Ukuta wa pili: anza sm 63 kutoka kona (58 na kipande cha kuziba cha 5), weka 60 na 40. Jumla 163, zinabaki 7 kabla ya fremu. Usishawishike kuweka 80 badala ya 60, jumla ingefika 183 na ukuta ni 170. Hizo 7 ziache, maana fremu na vigae vya ukutani vitadai nafasi yao.

Kabla ya kulipa pima kina kwa mkono wako. Mengi ya bei ya chini yana kina cha sm 50 tu, na sinki la sm 50 mbele kwa nyuma halikai humo.

Randa na Msasa
Vipimo viko sawa. Kuhusu ubao, watu wengi wananunua mlango kwa sababu unang'aa, wakati kinachokufa kwanza ni sakafu ya kabati la sinki.

Vuta rafu moja uangalie ukingo ambao haukufunikwa. Ukiona chembechembe za mbao kama uji wa ulezi uliokaukiana, hiyo ni chipbodi. Ukiona laini kama kadibodi nene, ni MDF. Zote mbili zikinywa maji huvimba na hazirudi. MDF inashika skrubu za bawaba vizuri kidogo ikiwa tundu limetobolewa kwanza. Muuzaji akikuonyesha kiini cha kijani akasema hainywi maji, elewa kwamba kijani ni rangi tu iliyochanganywa kiwandani. Huwa ni alama ya ubao unaostahimili unyevu, ila rangi yenyewe haizuii kitu. Omba kipande, kiloweke usiku mmoja, upime unene asubuhi.

Unene: pembeni na chini mm 16 au 18. Mgongo wa mm 3 unakubalika kama umeingia kwenye mfereji. Uliopigiliwa juujuu utaachia. Rafu ya sm 80 ikibebeshwa mfuko wa unga wa kilo 25 itapinda, kwa hiyo zile 60 ulizopangiwa ni salama zaidi.

Maji hayaingilii kwenye uso, yanaingia ukingoni. Kagua ule mkanda wa plastiki pande zote nne, hata upande wa chini usioonekana. Tundu la bomba na mkato wowote utakaofanywa nyumbani upakwe varnishi mara mbili, kisha silikoni.

Boksi lolote likifungwa, pima pembe kwa pembe kabla ya kufunga mgongo. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mm 2, milango haitalingana hata uzungushe bawaba mpaka kesho.

Alu Dom
Mnamchosha mwenzenu. Aluminiamu: mchwa hali, maji hayavimbishi, unadeki kwa ndoo bila wasiwasi.

Randa na Msasa
Fremu ndiyo aluminiamu, mkuu. Rafu na milango mara nyingi ni ubao uleule, sasa umekatwa kwa msumeno wa mkononi na kingo hazina mkanda. Na riveti za bawaba zikilegea, tundu limeshapanuka. Kwa kabati la sinki peke yake nakubaliana na wewe, mradi sakafu yake iwe bati la aluminiamu.

Mchwa wa Dodoma dawa yake ya kwanza ni kuwaona. Weka makabati juu ya miguu ya plastiki ya kurekebisha, sm 10 hadi 15: minne kwa kila kabati, sita kwa lile la mita moja, jumla 22. Ubao wa mbele wa kufunika miguu uwe wa kubana, usipigiliwe, ili kila mwezi uuchomoe na kumulika tochi. Njia ya udongo ikipanda ukutani utaiona mapema. Pale bomba linapotoka ukutani au sakafuni ziba kwa saruji, povu la kuzibia halitoshi.

Mkazi wa Kisasa
Asanteni sana. Mawili yamebaki: mtungi wa gesi ukae kabati lipi, na makabati ya juu yatashikaje kwenye tofali za kuchoma?

Futikamba
Mtungi kwenye lile la 60 la ukuta wa pili, mbali na sinki. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe kwenye sakafu ya kabati na chini ya mlango. Matundu ya juu peke yake hayasaidii. Pima mtungi wako pamoja na regyuleta kabla ya kuamua rafu ikae wapi.

Makabati ya juu: zima nyundo ya drili, zungusha tu, na toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo. Fisha ya mm 10, skrubu ya sm 8, kwa sababu sm 2 za mwanzo ni plasta isiyoshika chochote. Afadhali zaidi, funga kwanza ubao wa mninga wa inchi 4 kwa 1 ukutani, fisha kila sm 40, halafu makabati yafungwe kwenye huo ubao. Ukingo wa chini uwe sm 50 hadi 55 juu ya kaunta, na juu ya jiko la gesi kabati lianzie angalau sm 70. Ya juu yanatangulia kufungwa, ya chini yanafuata, usije ukapanda juu ya kaunta na viatu.

Randa na Msasa
Nyongeza kuhusu sinki, maana maji ya huku yana chumvi. Omba chuma cha pua (kisichoshika kutu) cha daraja la 304, na usitegemee sumaku kukuthibitishia: hata 201 ya bei rahisi mara nyingi haivutwi. Angalia chapa iliyogongwa, na risiti iandikwe daraja.