Nazaré, Ureno, mwezi wa kwanza, kuogelea vipi?

Mwalimu_Uyole: Wakuu, nina semina Lisbon, nataka nipitie Nazaré. Mimi bahari yangu ni Matema, Ziwa Nyasa. Maji ya kule yanaogeleka?

Binti Tukuyu: Mwalimu, usithubutu! Huo ndio msimu wa mawimbi. Chini ya bahari kuna korongo refu linaloyakuza. Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwenye wimbi la mita 26.21. Wewe yatazame ukiwa pale kwenye ngome yenye mnara wa taa. Jaketi la baridi ya Uyole beba, ila liwe la mvua.

Mzee wa Basi: Treni haifiki mjini, panda basi Lisbon. Ufukweni kina mama huanika samaki waliopasuliwa, wamepangwa kwenye nyavu. Harufu ya Kyela kabisa!

Mwalimu_Uyole: Shukrani. Magoti yangu je, mlima upo?

Binti Tukuyu: Upo, ila kuna kiberenge cha kupandisha watu mlimani kwa kamba tangu 1889.